Mkia wa Msafara

Kila Pasaka hakosekani mtu wa pwani anayeamini kwamba kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa baiskeli ni mteremko mtupu. Huwezi kumlaumu sana. Ameambiwa tangu shuleni kwamba Nairobi iko juu na bahari iko chini, na hajawahi kuona maji ya mvua yakipanda. Basi hufunga baiskeli yake juu ya basi pale Changamwe, hulala njia nzima bila kutazama dirishani, na Ijumaa Kuu alfajiri huanza kurudi kwao akiwa na uso wa mtu aliyepewa kitu cha bure. Uso huo hudumu hadi vilima vya Salama. Hapo hushuka, husukuma, na huuliza kwa sauti ndogo kama kweli hii ndiyo barabara yenyewe.

Mwaka huu mtu huyo alikuwa Ishaka, mzee wa kukaribia sitini, msambazaji wa mikate katika maduka ya Mjambere na Magogoni. Alikuja na baiskeli ile ile ya kazi, nyeusi, nzito kama kabati, keria yake ya chuma pana kiasi cha kulaza mtoto. Sanduku la mikate ndilo pekee aliloliacha nyumbani.

Na aliyepaswa kumfuata nyuma hatua kwa hatua, kwa kuwa ndiyo kazi yake katika msafara, alikuwa Thoya. Thoya na Ishaka ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa.

Kila msafara una mkia. Chama chenye msafara huu ni cha watu wa Changamwe na Mikindani, wengi wao wa kuja kutoka bara: wapakiaji wa bandarini, watu wa viwandani, makarani waliochoka kukaa na makondakta waliochoka kusimama. Safari yao ni ya siku nne, wakilala Emali, Mtito Andei na Voi. Mbele huenda vijana wenye miguu. Katikati huenda wenye midomo. Nyuma kabisa huenda mkia, naye ana sheria moja: hampiti mtu. Wa mwisho akipanda, mkia hupanda. Wa mwisho akisimama kutapika, mkia husimama na kutazama ng'ombe wa watu. Ndiye hubeba pampu, tyubu na spana, na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu lori linalobeba mizigo. Akisema fulani ameishiwa, apakiwe, fulani hupakiwa, hata awe nani.

Nyumbani Mikindani Thoya ni fundi wa baiskeli. Kibanda chake ni mabati manne na mwarobaini mmoja unaokula vumbi la malori mchana kutwa. Sifa yake ni kunyoosha magurudumu. Ataketi na rimu moja asubuhi nzima akiizungusha, akikaza njiti hii, akilegeza ile, na mteja akijaribu kumpigia soga hujibiwa "mm." Wateja wageni hudhani amewakasirikia. Wa zamani wanajua kwamba ana mm tatu, na ya tatu ndiyo kicheko.

Hakuwa hivyo. Zamani alikuwa wa mbele, mwenye miguu na mdomo pia. Kanisani aliimba besi, na barabarani aliwatukana madereva kwa besi hiyo hiyo. Enzi hizo chama kilikuwa na sheria ya gunia. Watu walikuwa wakisimama kila kilima kupiga picha na kuwaonyesha wake zao tembo wa mbali, hadi msafara ukawa haufiki. Ikaamuliwa kwamba kila asubuhi simu zote zitiwe guniani, gunia lipande lori, na jioni kila mtu achukue yake. Ilikuwa sheria nzuri. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kufiwa kati ya asubuhi na jioni.

Mama yao, Dhahabu, alifariki alfajiri ya Jumamosi katikati ya safari kama hiyo, nyumbani kwa Ishaka kule Mjambere. Thoya alikuwa ametia simu yake guniani na anatoka Emali akiimba. Jioni, Mtito Andei, alipofungua gunia alikuta namba ya kaka yake imejaa kioo kutoka juu hadi chini, kisha ujumbe mmoja. Mama ametutoka. Tumemzika baada ya alasiri. Rudi pole pole.

Alirudi kwa basi la usiku. Asubuhi ya Pasaka, saa ambayo watu wa kanisani kwake walikuwa wakipiga vigelegele, yeye alikuwa amesimama mlangoni kwa Ishaka mbele ya waombolezaji waliokaa mkekani, akimwita kaka yake mwizi wa maiti. Alivyoliona yeye, jambo lilikuwa wazi. Mama alipokuwa na miguu alikwenda kanisani na Thoya. Alipougua alihamia kwa Ishaka, aliyesilimu zamani alipomwoa Nadira. Sasa alikuwa amezikwa Kiislamu, kwa haraka, mwanawe mmoja akiwa njiani. Haraka ya nini, kama si kumzuia huyo mmoja asizuie? Ishaka alisikiliza tusi lote mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwaka uliofuata sheria ya gunia ilibaki, ila mkia na mwenyekiti wakaruhusiwa kutembea na simu. Thoya akaomba awe mkia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Besi nayo aliiacha.

Aliyempokea Ishaka chamani alikuwa Quinter, mwenyekiti, karani wa kampuni ya makasha, mwanamke wa Kisumu mwenye sauti ya kuita meli. Alijua kwamba wazee hawa wawili ni ndugu. Hakujua kwamba wamenyamaziana, maana kwa Thoya kunyamaza hakuna anayekutambua.

"Thoya! Leo umepata kazi," alisema Ijumaa alfajiri, Nairobi ikiwa na baridi ya kung'oa meno. "Huyu budaa amekuja na kabati. Ukiona amezidiwa usianze huruma, weka kwa lori. Sitaki maiti kwa msafara wangu."

"Mm."

"Hiyo ni mm gani?"

"Ya kwanza," akasema Thoya.

Ishaka alikuwa karibu, amejifunga shuka kichwani kama mgonjwa. "Bibi mwenyekiti, masikio ninayo. Baiskeli hii imebeba mikate tangu wewe hujaolewa."

"Na nani amekudanganya kwamba nimeolewa, mzee wangu?"

Watu wakacheka, filimbi ikapulizwa, wakaondoka. Kufika Athi River, Ishaka alikuwa wa mwisho. Hakuacha kuwa wa mwisho tena.

Mtu akimfuata mwenzake siku nzima hujua mambo yake bila kuambiwa. Thoya alijua kufikia saa nne kwamba goti la kushoto la kaka yake halikunji vizuri. Alijua kwamba shati alilovaa lilikuwa la baba yao, kola imegeuzwa na kushonwa upya. Alijua kwamba miguu ile haikuwa dhaifu hata kidogo. Ilikuwa miguu ya kutoka duka hadi duka, iliyozoea kusimama kila baada ya muda mfupi na kuamkuana na watu. Barabara isiyo na duka ilikuwa inaichanganya. Pale Salama, Ishaka alishuka akasukuma kabati lake kilima kizima. Thoya naye akashuka akasukuma, nyuma yake, kama watu wawili wanaopeleka ng'ombe mnadani.

Karibu na Sultan Hamud Ishaka alipata pancha. Sasa hapo sheria ni sheria: mkia huziba. Thoya alipindua baiskeli, akatoa tyubu, akaziba. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Thoya aliiambia pampu kwamba upepo umetosha. Ishaka aliuambia mgunga uliokuwa karibu kwamba ahsante.

Na malori yalipokuja nyuma yao kwa kasi, Thoya aligonga kengele mara moja, na Ishaka akasogea ukingoni. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, kengele na mgongo, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu.

Jumamosi jioni walilala Mtito Andei katika uwanja wa shule. Thoya alikuwa amechutama nyuma ya lori akisafisha cheni aliposikia sauti ya Ishaka upande wa pili, ikimsemesha Musyoka, dereva wa lori, Mkamba wa Kibwezi ambaye siku nzima alikuwa akiwaonyesha watu mashamba ya jamaa zake hata pale ambapo hapakuwa na shamba.

"Bwana Musyoka, lori hili wewe waliendesha tangu lini?"

"Tangu likiwa na rangi."

"Basi ulikuwapo mwaka ule mama yetu alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa napiga simu."

Thoya aliacha kusugua cheni.

"Ni wewe," Musyoka alisema mwishowe. "Mzee, lile gunia lililia kutoka Emali hadi hapa. Linanyamaza kidogo, linaanza tena, kama mbuzi aliyefungwa. Mimi nikasema ni mwanamke anamtafuta bwanake. Sheria ilikuwa gunia halifunguliwi. Nikaongeza redio."

"Uliongeza redio."

"Niliongeza, mzee. Sikujua."

"Sikulaumu wewe. Mie nilitaka tu kuijua njia yenyewe. Miaka yote hii najiuliza, ni njia gani hii ambayo mtu unampigia unampigia hashiki? Nikasema kabla sijafa niipite kwa miguu yangu nione kama mtu hawezi kusikia." Akakohoa. "Kumbe pana upepo mwingi."

Thoya alibaki amechutama pale hadi mafuta ya cheni yakakauka vidoleni. Kwamba simu zilipigwa alikuwa anajua, aliziona. Jambo ambalo hakuwahi kulifikiria ni mtu aliyekuwa upande wa pili, na maiti ya mama ndani ya nyumba, akibonyeza namba ile ile tena na tena.

Lakini kujua hivyo hakukujibu swali lake. Kupiga simu ni kitu kimoja. Kusubiri ni kingine. Usiku mmoja tu angesubiri.

Jumapili, kati ya Mtito na Voi, barabara hukatiza mbuga na joto hutoka chini kama la chungu. Ishaka alisimama mara mbili kuswali kando ya njia, akiwa ametandika ile shuka ya kichwani. Thoya alisimama naye, amezishika baiskeli zote mbili, akitazama vichaka kwa ajili ya wanyama. Mara ya pili alijikuta akiangalia nyayo za kaka yake zilizogeuka juu. Zilikuwa zimepasuka visigino vile vile kama za mama.

Jumatatu ndiyo siku mbaya. Kutoka Voi hadi nyumbani ndilo pande refu kuliko yote, na ukishapita Maungu upepo wa kusi unakuja moja kwa moja kutoka baharini, unakukuta usoni, na haukupishi. Hapo ndipo mtu wa mteremko hupata mafunzo yake ya mwisho: barabara kweli inashuka, na bado ukiacha kukanyaga unasimama. Vijana wa mbele hujipanga mstari, wanapokezana kuziba upepo, mmoja mbele, wengine wamejificha mgongoni mwake. Wa mwisho hana wa kumzibia. Mbele yake hakuna mtu aliye karibu, na nyuma yake yupo mkia, na mkia hampiti mtu.

Kufika Mackinnon Road, Ishaka alikuwa anakwenda polepole kuliko mbuzi wa kandokando. Kufika Taru alikuwa anayumba, hata ikabidi Thoya agonge kengele bila lori lolote kuja. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Thoya, mko wapi?" Ilikuwa sauti ya Quinter, na nyuma yake kelele za watu wanaokula. "Sisi tuko Mariakani. Nimemrudisha Musyoka awangoje Samburu. Huyo mzee apande. Nisikilize vizuri, sisemi mara mbili. Giza likiwapata kwa hiyo barabara na hayo malori, mimi ndiye nitaenda kumwambia bibi yake."

"Sawa," akasema Thoya.

Samburu, lori lilikuwa limesimama kivulini, mlango wa nyuma wazi, ubao umeshateremshwa tayari. Ishaka aliliona, akakanyaga zaidi, akalipita. Kisha, hatua chache mbele, baiskeli ikamshinda, ikaegemea upande, naye akabaki amesimama ameikumbatia, kichwa juu ya usukani.

Thoya alishuka. Akamsogelea. Alikuwa ameshafikiri kumtuma Musyoka aseme, lakini Musyoka alikuwa amegundua ghafla kwamba tairi la upande ule wa mbali linahitaji kukaguliwa.

"Panda lori," akasema Thoya.

Ishaka aliinua kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka kwa chumvi. "Miaka tisa," akasema, "na neno la kwanza ni panda lori?"

"Ni maneno mawili."

"Sipandi."

"Mimi ndiye mkia. Nikisema panda, unapanda."

"Basi sema sababu."

"Miguu yako imekwisha."

"Miguu ni yangu, naijua. Nataka sababu yako wewe."

Hapo ndipo kitu kikafunguka kwa Thoya, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya besi, ambayo hata yeye mwenyewe aliishangaa. "Ungenisubiri! Usiku mmoja! Ningefika kabla ya alfajiri, ungeniona mlangoni, tungemzika pamoja kwa dini yoyote unayotaka wewe! Watu wanaweka maiti wiki mbili. Wewe mchana mmoja ulikushinda?"

"Wanaiweka wapi?"

"Nini?"

"Hiyo maiti ya wiki mbili. Waiweka wapi?"

"Mochari. Unaniuliza nini?"

"Mochari," Ishaka akasema. "Haya. Sasa nipe maji."

Thoya akampa chupa. Ishaka akanywa, akajimwagia kidogo shingoni, akaketi juu ya jiwe la kando ya barabara, mguu wa kushoto ameunyoosha.

"Unakumbuka mama mdogo alipofariki, mama akapelekwa kumtambua? Wewe ulikuwa kazini. Mie ndiye nilimpeleka. Wakavuta lile droo, na mama akamgusa dadake shavu. Basi. Tangu siku hiyo hakunywa maji ya friji. Nadira alimnunulia soda baridi Idi moja, mama akaiweka juani kwanza. Tulimcheka, wallahi. Alipoanza kuzidiwa, ile Ijumaa usiku, alinishika hapa." Akajishika kiwiko. "Akasema, mwanangu, mie baridi siwezi. Nisilazwe kwenye ile baridi. Nikamwambia hulazwi. Akasema, apa. Nikaapa."

Basi moja likapita likiwafunika vumbi. Wakangoja litulie.

"Alfajiri akafa. Jua la mwezi wa tatu, nyumba ya mabati, wajua mwenyewe. Nikakupigia. Nikakupigia. Sasa nifanye nini, Thoya? Watu wako wa kanisani ni watu wema, sikatai, lakini wao wazika lini? Kamati kwanza, kisha mchango, kisha fulana zenye picha. Muda wote huo yeye yuko wapi? Wangu ndio wanaozika siku ile ile. Nikamwendea imamu."

"Kwa hiyo hakusilimu."

"Alitamka. Nadira alimtamkisha usiku ule, naye akafuata neno kwa neno. Kama alifuata kwa moyo, au alifuata kumridhisha mkwe aliyemwosha na kumgeuza miezi yote ile, mimi sijui. Wewe hujui. Yuko anayejua."

Thoya alikuwa amesimama, na alijihisi kama mtu aliyepakuliwa mzigo bila kuonyeshwa pa kukaa. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniita mwizi wa maiti mbele ya mkeka mzima. Mtu akikuita hivyo, waanza kumweleza habari za soda?" Ishaka alipangusa uso kwa kola ya baba yao. "Nilikosea kufunga mlango. Nilingoja urudi upige hodi. Kumbe nawe wangoja nifungue."

Hakuna kati yao aliyeomba radhi. Hiyo haikuwa familia ya kuombana radhi. Ilikuwa familia ya kuulizana kama umekula. Thoya alichukua ile baiskeli nyeusi, akaizungusha gurudumu la mbele, akaona limepinda kidogo, akatoa spana akaliweka sawa palepale kwa kukaza njiti mbili tatu. Kisha akaliendea lori.

"Musyoka, nenda."

"Na mzee?"

"Mzee anakuja na mimi."

"Quinter ataniua."

"Mwambie mkia amesema."

Lori likaondoka. Barabara ikabaki na wao wawili na ule upepo. Ishaka alipanda, akakanyaga mara tatu nne kwa kuugua, na Thoya, ambaye tangu achukue kazi ile alikuwa hajampita binadamu yeyote kati ya Nairobi na Mombasa, akakanyaga kwa nguvu, akampita kaka yake, akakaa mbele.

"Sogea," akapiga kelele bila kugeuka. "Karibu na gurudumu langu. Zaidi! Usitazame barabara. Tazama mgongo wangu tu."

"Nikikugonga?"

"Tutaanguka."

Ishaka akasogea. Upepo uliokuwa ukimkaba tangu Maungu ukakatika ghafla, akapumua, akasema neno moja refu la kumshukuru Mungu, na baiskeli ya mikate ikaanza kwenda. Thoya alipata upepo wote yeye. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyapangusa, lakini upepo wenyewe uliyafuta, na mtu wa nyuma haoni uso. Waliteremka hivyo Samburu hadi Mariakani, Mariakani hadi Mazeras, yule wa mbele akigonga kengele penye shimo, yule wa nyuma akiuliza mara kwa mara, kama abiria, "Bado?" na kujibiwa, "Bado, kaka."

Walipoingia Changamwe jua lilikuwa limeegemea matangi ya mafuta. Hema la mapokezi lilikuwa limeshakunjwa, waliopewa medali wamekwenda kwao. Quinter alikuwa ameketi peke yake juu ya kreti la soda, mikono kifuani.

"Thoya," akasema, "wewe ni mkia. Umefikaje mbele?"

"Mm."

Alimtazama usoni, akamtazama Ishaka aliyekuwa bado juu ya baiskeli kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kushuka, akainuka kutoka juu ya kreti. Aliwasaidia kumshusha.

"Twende sasa hivi," Thoya akamwambia kaka yake. "Nataka kumwona."

"Leo hapana. Leo hata kaburi langu siwezi kulifikia. Kesho asubuhi."

Thoya akaitazama miguu ya kaka yake. "Kesho," akasema.

Jumanne alifika Mjambere mapema. Nadira ndiye aliyefungua. Alisimama kidogo akimtazama shemeji yake, na Thoya akawahi kusema shikamoo, ingawa wanalingana umri, na ingawa salamu hiyo hakuwahi kumpa. Nadira aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, akamwambia chai ipo, baada ya kurudi. Ishaka alitoka akitembea kwa kukanyagia visigino, kama bata, na ndugu hao wakashika njia ya mchangani hadi makaburini, hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma.

Makaburi yalikuwa yamejaa na majani yamepanda. Ishaka alipita safu moja, akapita ya pili, akarudi, akasimama. Alikaa pale muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu anayeomba dua.

"Ni lipi?" Thoya akauliza.

"Kati ya haya mawili."

"Kati ya haya mawili vipi?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nalijua sawasawa. Kisha wakamzika huyu ubavuni. Ikaja mvua kubwa, vibao vikaliwa na mchwa, nami mwaka huo nikaugua sikuja. Niliporudi makaburi yamefanana. Nikaona haya kumuuliza mtu, mtoto mzima unaulizia kaburi la mamako." Ishaka alikuwa anayatazama yale matuta mawili, hamtazami Thoya. "Mimi huwaombea wote wawili."

Ishaka aliona mabega ya Thoya yakipanda, akajiandaa kwa lolote.

"Huyu mwingine ni nani?"

"Mwanamke wa Magogoni, nasikia."

"Alikuwa msemaji?"

"Wallahi sijui. Kwa nini?"

"Kama hakuwa msemaji, Mama amepata tabu."

Ishaka alicheka hadi akashika goti. Thoya akatoa mm ya tatu. Kisha wakachutama, kila mmoja kwenye kaburi moja, wakaanza kung'oa majani kwa mikono, na mizizi ilikuwa mirefu, imeshika mchanga mpaka chini. Jua lilipanda. Walipomaliza, bila kuambiana, wakabadilishana, kila mmoja akapita upya juu ya kazi ya mwenzake, isije ikawa kuna kati yao ambaye hakumgusa Mama.